Jicho la Ngendo Kwenye Kahawa

Katika shamba moja la kahawa nje kidogo ya Ruiru, mwaka wa 1957, ubishi wowote juu ya punje ulikatwa na mwanamke mmoja. Wanawake ishirini walisimama kando ya vitanda vya waya vilivyoanikwa kahawa, wakiokota zilizooza na zilizotobolewa na wadudu. Wawili wakibishana, nyapara Ndung'u hakupoteza muda. "Peleka kwa Ngendo," alisema. Ngendo aliigeuza punje mara moja kwa kidole gumba, akaiacha au akaitupa. Hakuna aliyekata rufani.

Jioni alirudi kwenye laini, safu za vyumba vya wafanyakazi, chumbani kwake na mumewe Dismas, na humo macho yaleyale hayakuwa na thamani ya punje moja.

Dismas alikuwa karani wa stoo, na katika wiki zake nzuri hakukuwa na mume kama yeye toka Thika hadi Nairobi. Alimchotea mkewe maji huku wanaume wenzake wakimcheka. Alimwita taa ya nyumba yake. Kisha Ngendo achelewe bombani kwa salamu mbili tatu tu, taa iligeuka nyoka. Dismas alipiga teke sufuria ya githeri, akaapa kujitupa relini, akamwambia mkewe afungashe aende. Asubuhi alikuwa anapiga mluzi.

"Sufuria? Ni wewe uliyeipiga teke, Mama Wamboi. Umesahau?"

Alisema kwa upole, kama mtu anayemhurumia mgonjwa, hata Ngendo akautazama mguu wake mwenyewe kutafuta masizi.

Ngendo alijua mambo hayo yalikotoka. Dismas akiwa na miaka sita, mama yake alimwacha kwenye lango la misheni, akamwambia angoje, anakwenda kununua chumvi. Hakurudi. Tangu siku hiyo kila aliyempa Dismas mgongo alikuwa anakwenda kununua chumvi. Ngendo alimhurumia kwa moyo wote, lakini huruma haikumwambia ni nani aliyeipiga teke sufuria.

Mtoto wao, Wamboi, alilelewa na bibi yake huko Kalimoni, nje ya shamba. Siku hizo za Hali ya Hatari Mkikuyu hakuvuka mpaka wa shamba bila karatasi ya ruhusa. Alhamisi moja Dismas alisema, "Jumapili nenda ukamwone mtoto. Karatasi nitakuombea mwenyewe ofisini." Akaileta. Ngendo akaenda, na kabla ya jua kutua alikuwa amerudi. Alikuta nguo zake uani, zimefungwa ndani ya leso, na Dismas ameketi mlangoni.

"Umenitoroka."

"Baba Wamboi, si ulileta karatasi wewe mwenyewe?"

"Karatasi gani?"

Askari wa kizuizi cha barabarani alikuwa ameichukua. Dismas akalia, akamshika mkewe miguu, akaomba asiachwe. Kulipokucha aliuliza kwa nini nguo ziko uani.

"Ulizitupa jana."

"Zilikuwa kwenye kamba. Ni upepo."

"Upepo gani unaofunga fundo?"

"Unaona sasa," alisema Dismas, akitikisa kichwa kwa masikitiko. "Umeanza kuona mafundo."

Asubuhi hiyohiyo, mbele ya kahawa, Ngendo aliinua punje akaishikilia muda mrefu. Ilikuwa na doa, au ni macho yake yaliyoliweka doa? Aliiacha. Nyingine aliitupa, kisha akaifuata chini. Adhuhuri Ndung'u alikuja na kiganja kimejaa punje.

"Mama Wamboi, hii ni nini?"

"Sijui. Wewe unaona nini?"

"Nikiona mimi, wewe ni wa kazi gani? Kesho ikiwa hivi, unarudi kuchuma."

Waithira, mjane aliyesimama naye kando ya kitanda kimoja, alingoja nyapara aondoke. "Tangu lini unaazima macho ya Ndung'u? Yule hamtambui hata mbuzi wake." Ngendo akamweleza yote, mpaka fundo.

"Shahidi alikuwa nani?"

"Ni mume wangu. Niweke shahidi chumbani?"

"Mtu akigawa shamba anaita wazee wasikie. Huyu anaigawa akili yako, na hakuna hata mzee mmoja."

Jioni hiyo Waithira alikuja kuomba moto wa kuwashia jiko lake, kama jirani yeyote, akaketi. Dismas alikuwa katika saa yake ya majuto. "Nimemkosea mwenzangu," alisema, kikombe cha uji mkononi. "Jumapili nendeni nyote wawili mkamwone Wamboi. Karatasi nitaleta."

Akazileta. Jumapili akasimama mlangoni. "Ni nani amewaruhusu?"

"Wewe," alisema Waithira. "Jumatatu jioni. Mimi nimekalia kigoda kile, wewe umeshika uji."

Dismas alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Mmepanga maneno."

Ngendo alikuwa amedhani siku kama hiyo ingempa nafuu. Hasira ndiyo iliyomjaa, na nyingine ilikuwa juu yake mwenyewe: miaka mitano ya ndoa, na ilibidi mjane aje akalie kigoda chake ndipo aamini alichokisikia kwa masikio yake.

"Narudi saa kumi na moja," alisema. "Waithira amesikia."

Saa kumi na moja alirudi, jua bado liko juu ya vitanda vya kahawa.

"Usiku ndio unaingia," alisema Dismas. "Nenda basi. Wote huenda."

Hakubishana naye kuhusu jua. Alimwambia ndani kuna githeri, akalichukua furushi lake, ambalo hakuwa amelifungua tangu lilipotupwa, akavuka uwanja hadi kwa Waithira. Nyuma yake Dismas alimwita taa yake, kisha akamwita jina jingine, kisha taa tena.

Kesho yake wanawake wawili walileta punje. Ngendo aliigeuza kwa kidole gumba, akaitupa.

"Una hakika?" Ndung'u aliuliza. Hakuwa amewahi kumuuliza hivyo.

"Imeoza," alisema Ngendo, mkono wake ukiwa tayari kwenye nyingine.