Maumivu Niliyoyabeba hadi Kisiwani

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa vumbi lake kwanza, ndipo mengine yanafuata. Nilikuwa bi arusi, hina bado haijafutika mikononi, na Bakari, mume wangu, alikuwa na pikipiki aliyoachiwa na kaka yake. Akasema mimi nimezaliwa Mabawa, Tanga mjini, nimekulia Mabawa, na safari yangu ya mbali kabisa ni Horohoro, kumpokea shangazi akitoka Mombasa. Basi atanipeleka nikaone tembo, huko kwenye nyika kavu upande wa Mkomazi. Nyinyi leo mnapanda bodaboda kwenda gengeni hapo tu, mkirudi mnalalamika kiuno. Sisi tulivuka wilaya.

Kabla hatujaondoka alikuja somo yangu, Bi Mize, yule aliyenifunda kabla ya harusi. Akaniletea khanga na wasia. "Njiani usimwambie mumeo nimechoka, sijui njaa, sijui jua. Mwanamume akisikia manung'uniko safari ya kwanza, ya pili ataiendea peke yake." Nikaushika wasia ule kwa mikono miwili. Ukubwani ndipo nilipojua kwamba nasaha nzuri ikiingia kichwa kichanga huweza kufanya balaa.

Nilipanda kama wapandavyo wanaume, suruali ya Bakari nimeivaa chini ya baibui, na mama akageuza uso asione. Muheza tukasimama kununua machungwa. Wakati wa kupanda tena nikateleza, shavu la mguu likalalia bomba la moshi. Wee! Niliing'ata khanga mpaka ikatoboka. Bakari yuko mbele, macho barabarani, akauliza, "Twende?" Nikajibu, "Twende."

Korogwe tukanywa chai, akauliza vile vile, nikajibu vile vile. Mombo hali kadhalika. Nguo ilikwisha kugandamana na jeraha, na kila tulipoingia shimoni niliona nyota mchana. Lakini usidhani nilikuwa na uchungu mtupu. Milima ya Usambara iko kuliani kwetu, mkonge umejipanga mistari, na mgongo wa kijana wangu unanukia udi na jasho. Alikuwa akiimba, tena vibaya, na upepo ukinirushia maneno nusu nusu. Ningeweza kupewa leo siku moja tu ya ujana wangu, ningeomba hiyo, pamoja na maumivu yale ya mguu.

Tulipofika mji wa Mkomazi tuliiacha lami, tukashika njia ya vumbi iendayo kijiji cha Kisiwani, kandokando ya pori, maana ndani pikipiki haziruhusiwi. Ardhi nyekundu, miti ya miiba isiyo na jani hata moja. Mara tembo hao, majike na watoto wao, wamekuwa wekundu kwa udongo. Bakari akazima injini, akashuka, akanigeukia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, uso umejaa furaha. "Shuka uone!" Nikashuka, mguu ukakataa, nikakaa chini vumbini.

Akaiona nguo ilivyoshikana na nyama. Tembo wakapita wote, yeye hakuwatazama.

"Tangu wapi?"

"Muheza."

"Kumbe nimembeba mgeni," akasema. Neno lile liliniuma kuliko moto.

Kisiwani tulipokewa na Bi Namkunda, mama wa Kipare mwenye banda la chai, mvi kichwa kizima. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia huku macho yako mguuni. Aliibandua nguo kwa maji ya uvuguvugu, akanipaka asali. Bakari alibaki mlangoni, chai hakuigusa. Akasema kesho ananirudisha kwetu.

"Bi arusi wa juzi ana jeraha la moto, nikimweka kwangu Mabawa nzima itasema nimemchoma. Na mwenyewe hanisemeshi. Heri akae kwao, mpaka ajue mimi ni nani wake."

Moyo ulinianguka. Kwetu bi arusi akirudishwa mapema hivyo, hata kwa nia njema, vinywani mwa watu amekwisha kuachwa. Nami nilikuwa nampenda Bakari, mwanangu. Nilimpenda mno.

Bi Namkunda hakupandisha sauti. Aliniuliza nani amenifundisha kunyamaza, nikamweleza. "Kungwi wako alikukataza manung'uniko," akasema. "Alikukataza kusema umeungua? Mficha uchi hazai, binti." Nikacheka huku nalia. Kisha akamgeukia Bakari.

"Na wewe, ulisimama njiani?"

"Nilisimama, bibi, kila mji."

"Uligeuka ukamtazama?"

Bakari akainamisha kichwa.

"Basi mrudishe. Lakini ukifika kwao, na hilo ulieleze."

Bakari alitoka nje, akazunguka banda, akarudi. Akakaa mkekani karibu na mguu wangu. "Unauma?"

"Unauma sana."

"Basi hatuendi popote mpaka upone."

Tukakaa kwa yule mama hadi jeraha likakauka, Bakari akichota maji na kujifunza kufunga kitambaa. Alikifunga ovyo, tukacheka. Ndoa yetu ilifungwa Tanga, lakini mimi naihesabu kuanzia pale.

Uzeeni kifua kilipoanza kumsumbua, wenzake wangeficha mpaka waanguke. Yeye aliniita uani siku ile ile. "Mama Salma, kuna kitu kinauma hapa, na ninaogopa." Maradhi hayo hatukuyashinda. Lakini tulipata wasaa wa kuombana radhi na kukumbushana mengi, na hakuna neno juu yangu alilokwenda nalo kaburini bila kunieleza.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu, wewe unayeolewa na wewe unayeoa. Subira yavuta heri, sikatai, lakini subira ni ya jambo lisilo na dawa. Lenye dawa liseme mapema, tena kwa ulimi mtamu, ndivyo Bi Mize alivyokusudia, Mungu amrehemu. Nawe uliyeshika usukani, usiridhike na jibu la mdomo. Simama, geuka, mtazame mwenzako usoni. Kuuliza si ujinga, na kuulizwa ni kupendwa.

Mola akujaalie mwenzi utakayeweza kumwonyesha panapokuuma, na akupe moyo wa kupatazama panapomuuma yeye. Amin, mwanangu, amin.