Meza Tupu ya Lottie Budzik

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Lottie Budzik ni meza yake. Haikuwa na kitu. Wengine wote wa kituo chetu cha televisheni, Chaneli 31, walikuwa wamejaza meza zao picha za watoto, kofia za timu ya Green Bay na maua ya plastiki. Yake ilikuwa na simu ya kampuni, kalamu ya kampuni na kalenda ya kampuni, basi. Koti lake hakulitundika mlangoni pamoja na makoti ya wenzake. Alilining'iniza mgongoni mwa kiti alichokalia. Mkoba haukumtoka begani hata alipokwenda kuchukua kahawa.

Ilikuwa wiki yangu ya kwanza kazini. Nilikuwa nimetoka chuoni Madison na shahada ya utangazaji, na nilitaka kuelewana na kila mtu. Nikamwuliza kama ndiyo kwanza anahamia meza ile.

"Huu mwaka wa tisa nipo hapa, Msomi," alinijibu. "Kaa. Usinisimamie kama askari kanzu."

Jina hilo la Msomi lilinikaa tangu siku hiyo.

Kwa nini meza ilikuwa tupu, niliambiwa na Dewey Krahn, fundi wa chumba cha mitambo. Zamani Lottie alifanya kazi Chaneli 49, washindani wetu, ng'ambo ya mto. Asubuhi moja alifika akakuta kufuli zimebadilishwa. Kituo kile kilikuwa kimeachwa na mtandao wake, yaani kampuni kubwa iliyokuwa ikikipa vipindi, mwenye kituo akakiuza, na mnunuzi hakuwataka watu wa zamani. Ndani kulibaki kikombe cha mama yake Lottie, cha udongo, chenye maua ya buluu, kilicholetwa na bibi yake kutoka Poland. Hakuruhusiwa kuingia kukichukua. Miezi miwili baadaye mdogo wake, Irene, aliajiriwa palepale, mapokezi.

"Lottie anaamini kikombe kiko mezani kwa Irene," Dewey alisema. "Hajawahi kuuliza. Akiuliza, atajibiwa."

Kazi ya Lottie ilikuwa kipindi cha Jumamosi mchana kilichoitwa *Angusha Zote*. Kilirushwa moja kwa moja kutoka ukumbi wa bolingi ulio chini ya kanisa moja la upande wa kusini wa Milwaukee, ambako watu wa kawaida walivingirisha mpira mzito kuangusha pini kumi na kushindania soseji, televisheni ndogo au matairi ya theluji. Lottie alitafuta wachezaji, akawafundisha kutotukana mbele ya kamera, akasimama pembeni na kutangaza. Wazee wa mtaa walimjua kwa sauti. Nilipokwenda naye dukani kununua betri, mwuza nyama alimwuliza shemeji yake atapangwa lini.

"Shemeji yako anakanyaga mstari wa kutupia mpira," Lottie alimwambia. "Akiacha kukanyaga mstari, aje."

Mwaka ule wa 1994 vituo vya mji wetu vilibadilishana mitandao kama watoto wanaogombea viti muziki unapozimwa. Kituo kikubwa kimoja kilihama mtandao, kingine kikarukia nafasi yake, cha tatu kikabaki kimesimama. Sisi wa 31 tulikuwa kituo cha kujitegemea. Hatukuwa na mtandao wa kutuletea tamthilia mpya. Tuliishi kwa filamu kuukuu, vichekesho vilivyokwisha kuonyeshwa kwingine, na *Angusha Zote*. Watazamaji walipokuwa wakihama-hama hivyo, kituo kama chetu kingeweza kuokota wengi, au kukanyagwa.

Mwezi Oktoba bosi wetu, Bwana Gerhard Stoltz, alituita studio. Kulikuwa na keki yenye namba 31 ya sukari nyekundu. Alitutangazia kwamba mtandao mpya unaanzishwa Los Angeles, utaanza kurusha Januari, na katika Milwaukee umetuchagua sisi. Utatupa vipindi vya usiku mbili kwa wiki. Jumamosi itabaki yetu.

Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, mpaka viganja vikaniwasha. Lottie alishika kisahani cha keki bila kuila.

"Mkataba umeshatiwa saini, Mheshimiwa?" aliuliza.

"Tumekubaliana, Lottie. Watu waungwana."

"Upande wetu umekubali. Upande wao nani ameuona ukikubali?"

Bwana Stoltz alicheka na kuwageukia wengine. Lottie alinipa keki yake. "Kula wewe," aliniambia. "Mimi keki ya ofisini nimeshakula mara moja. Ilikuwa siku moja kabla ya kufuli."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, nilijisemea. Niliamini tatizo ni lake. Lakini mtu akikufundisha kutazama huwezi tena kufumba macho, na wiki ile ile tuliwakuta wanaume wawili wakipima studio kwa utepe. Walipima upana na kimo, wakahesabu taa za darini, wakanong'onezana.

"Wakubwa hawa ni akina nani?" Lottie alimwuliza Bwana Stoltz.

"Watu wa zulia."

"Zulia kwenye studio ya kamera za magurudumu?"

"Tunafikiria tu, Lottie."

"Na zulia lenyewe mtalitandika darini?"

Kuanzia hapo Lottie alianza kula chakula chake cha mchana dirishani, mahali pa kuonea maegesho, ili ajue gari la nani limeingia.

Mwezi Desemba mtandao ulitupigia simu: Jumanne, saa nne asubuhi, tuelekeze dishi kwenye setilaiti tupokee matangazo ya kujinadi. Tulijazana chumba cha mitambo. Nyota wa tamthilia yao kubwa alitokea amevaa sare ya kubuni, amesimama mbele ya pazia, akisoma mji mmoja baada ya mwingine. Tutazameni Januari, Memphis, Chaneli hii. Tutazameni Januari, Miami, Chaneli ile. Kila kituo kilitakiwa kukata kipande chake. Dewey aliweka kidole juu ya kitufe cha kurekodi.

"Tutazameni Januari, Milwaukee," nyota alisema akitabasamu, "Chaneli 49."

Kisha akaendelea na Minneapolis.

Dewey alirudisha mkanda tukasikiliza tena, na nyota alitabasamu vilevile akaitaja 49 vilevile.

"Ulimi hauna mfupa," Bwana Stoltz alisema, lakini rangi ilikuwa imemtoka. Alikwenda kupiga simu Los Angeles, akarudi. Wamesema ni kosa dogo. Watarekodi upya.

"Kosa dogo lingekuwa 13," Lottie alisema. "Hiyo 49 si kosa. Hiyo ni anwani."

Ijumaa aliniambia nifuatane naye kula samaki. Upande wa kusini kila Ijumaa watu hula samaki wa kukaanga na chapati za viazi, na akina Budzik walikuwa na meza yao kwenye baa moja ya pembeni tangu mama yao alipokuwa hai.

"Niende kufanya nini?" nilimwuliza.

"Uwe shahidi. Irene akinidanganya nataka mtu mwingine awe amemwona."

Irene alikuwa mnene kuliko dada yake, mcheshi, amepaka rangi ya mdomo. Alinikaribisha kwa brandi yenye cheri. Lottie alikaa kuelekea mlango, koti mwilini.

"Mwanao huyu?" Irene aliuliza.

"Msomi wa kazini. Irenka," alimwita kwa jina la utotoni, "huko kwenu mnasemaje kuhusu Januari?"

"Tunasema ni mwezi wa kwanza."

"Irenka."

"Nini? Mezani hapa kazi haizungumzwi. Tulimwapia mama."

"Mama hakujua kwamba mtaniibia mtandao."

"Kuibiwa kitu ambacho huna, dada, nacho ni kipaji."

"Sisi tumeahidiwa. Tumekula keki."

"Sisi pia tumekula keki. Yetu ilikuwa ya chokoleti."

Lottie aliweka uma chini. Alimtazama mdogo wake kwa muda mrefu, kama anayemtazama mchezaji aone kama amekanyaga mstari.

"Jumanne mliona matangazo?" aliuliza.

Irene aliacha kutabasamu. Alitazama nyuma yake, akainama mezani. "Tuliona, saa nane mchana. Nyota kasema, Milwaukee, Chaneli 31. Bosi wetu alipiga ukuta teke. Los Angeles wakamwambia kosa dogo."

"Sisi tulipewa saa nne asubuhi," nilisema. "Kwetu ametaja 49."

Hakuna aliyegusa samaki. Lottie ndiye aliyeunganisha, akichora kwa kidole katika maji yaliyoachwa na bilauri. Mtu haitaji mji mmoja na namba mbili kwa kuteleza ulimi. Waliandaa mikanda miwili, mmoja wenye sisi na mmoja wenye wao, kila kituo kipelekewe mkanda wake kitulie. Mtumaji akazibadilisha saa. Mkanda wao ukaja kwetu, wetu ukaenda kwao.

"Hatuchumbiwi," alisema. "Tunapigwa mnada."

Irene alivuta sahani yake. "Na atakayeshindwa?"

"Atapimiwa zulia."

Tulipotoka, Irene alimshika dada yake mkono pale kwenye theluji. "Sijakudanganya leo."

"Leo," Lottie alisema. Lakini aliuacha mkono ushikwe.

Jumatatu asubuhi aliingia kwa Bwana Stoltz na kumweleza yote, nami nikiwa nyuma yake. Nilitegemea atakasirika. Aliketi tu na kusugua macho.

"Wale wa utepe si watu wa zulia," alisema. "Ni kampuni ya kuuza mikufu na sufuria kwa televisheni, saa zote, mchana na usiku. Wanataka mnara wetu na leseni yetu. Hawana haja na wafanyakazi."

"Nilijua," Lottie alisema.

"Hata mimi simwamini mtu, Lottie. Wale ni mlango wangu wa nyuma. Mtandao ukija kwetu, nawafukuza na wewe unaendelea na Jumamosi zako. Usipokuja, kesho yake natia saini na wauza mikufu. Siwezi kubaki nimesimama kati ya watu waliokaa."

"Na huwezi kuwauliza Los Angeles watutajie kituo kimoja?"

"Nimewauliza. Wamesema tutaona wote siku ya uzinduzi."

Ndivyo tulivyoingia Januari. Kwenye barabara kuu kulikuwa na mabango mawili yaliyotazamana, nyota yuleyule, sare ileile, moja likisema 31 na jingine 49. Madereva walipiga honi kwa kucheka. Nilimwuliza Lottie kama tuwafiche habari hizi wachezaji wake, wasije wakaogopa.

"Wao wanaogopa mstari," alisema. "Mengine ni yetu."

Los Angeles walituletea kisimbuzi, sanduku la chuma lenye taa moja. Picha ya mtandao ingekuja imefungwa, vurugu tupu, mpaka wao wenyewe watume ruhusa kwa setilaiti. Taa ikiwa nyekundu, umefungiwa. Ikigeuka kijani, umefunguliwa. Irene alithibitisha kwa simu kwamba 49 nao wana sanduku kama hilo, lenye taa kama hiyo.

Siku ya uzinduzi theluji ilianguka tangu asubuhi. Mchana nilimkuta Lottie kwenye meza yake tupu, simu sikioni, akimpanga mwuza mikate wa mtaa wa Lincoln acheze Jumamosi dhidi ya dereva wa gari la kuzoa theluji. Alimwelekeza mlango wa kuingilia. Alimkumbusha viatu.

"Kumbe unaamini?" nilimwuliza alipokata simu.

"Siamini. Lakini wakija, wakute mtu."

Jioni sote tulikuwa chumba cha mitambo. Uzinduzi ulikuwa saa moja. Dewey alikuwa ameandaa filamu ya zamani ya kurusha, ikiwa tutafungiwa. Bwana Stoltz alisimama mlangoni na hakuvuka kizingiti. Lottie alikaa mbele ya sanduku, koti limefungwa vifungo vyote, mkoba begani, na kwenye sikio simu ambayo upande wa pili ilishikwa na Irene, mbele ya sanduku lao.

"Yenu?" Lottie aliuliza.

Nilisikia sauti ndogo ya Irene ikijibu, "Nyekundu. Yenu?"

"Nyekundu."

Kwenye runinga ya pembeni picha ya mtandao ilikuwa michirizi tu, kama mvua inayonyesha kwa ubavu. Saa ya ukutani ilikuwa imekaribia kabisa.

"Lottie," ile sauti ikasema. "Kikombe ninacho. Kilikuwa kabatini nilipoajiriwa. Nilijua hutaniuliza."

Lottie alifumba macho, akayafumbua upesi yakarudi kwenye taa. "Kina ufa?"

"Hakina. Nitakuletea Ijumaa, iwe yenu au yetu."

"Kizungushie taulo," Lottie alisema. "Na usikate simu."

Dewey alisogeza kiti chake mbele. Bwana Stoltz alivuka kizingiti. Michirizi ile ikatulia kidogo, ikarudi, ikatulia tena, na sote tukainama kuelekea taa.