Kitabu Kilichoisifia Tunduma

Enzi zetu pale Chapwa, hapa Tunduma mpakani, ng'ambo Zambia tulikuwa tunakwenda kwa miguu na kurudi kabla ugali haujapoa. Wa rika langu mnakumbuka: unakatiza katikati ya foleni ya malori, moshi wa dizeli unakukaa kooni, unatokea Nakonde kwa shangazi, unapewa skonzi la moto na salamu za kurudisha. Kitabu cha nini? Mama alitupa neno moja tu: "Ukipotea, usimuulize anayekuchekea. Muulize mwenye mzigo kichwani, huyo hana muda wa kudanganya."

Safari zangu ziliishia hapo. Hata Vwawa hapo jirani nikienda, naaga majirani. Sasa binti yangu Tumaini, kamaliza chuo juzijuzi, anataka kuzunguka Zambia hadi Namibia, begi mgongoni, mwezi mzima, akilala kwa watu asiowajua. Wenyewe wanaita kutalii. Sisi tuliita kufukuzwa nyumbani.

Akaniwekea mezani vitabu viwili vya kuongoza wasafiri. "Baba, nichagulie kimoja."

Nikaujua mtego: nikichagua, nimeruhusu. Nami nikatega wangu. Nikafungua kila kimoja penye habari za Tunduma, nione wanatusemaje. Cha kwanza: vumbi, foleni, jihadhari na wabadilisha fedha wa barabarani, pita upesi. Nikakifunga. Cha pili: mji mdogo mtulivu, hewa safi, wenyeji wakarimu. Kiingereza changu cha kidato cha nne kilielewa kila neno.

"Chukua hiki," nikasema. "Kina adabu."

"Tunduma tulivu, baba? Hapa tulipo unapaza sauti nikusikie, honi za malori hizo. Aliyeandika hajafika. Ndiye aniongoze Livingstone?"

Nikamsogezea kile kilichotutukana, na ruhusa ikaenda nacho.

Ameondoka Jumatatu. Kila jioni ananitumia picha anacheka, nami naikuza nione ni nani amesimama nyuma yake. Kabla hajafunga begi nilikipekua tena kile kitabu anachosafiri nacho, nikimtafuta mwandishi. Zamani mtu akikupoteza njia, mlango wake ulijulikana. Mama alikwenda kumgombeza kwa Kinamwanga hadi akaomba radhi. Huyu nimemtafuta mpaka jalada la nyuma. Jina lipo, picha ipo, kwao hakujaandikwa.