Kupalia Moto Ghorofa ya Nne

Subira yangu iliisha pale kijana wa ofisi ya nyumba alipoinama kwenye korido yetu, hapa Tottenham, akaanza kuukunja waya wangu. Waya wa ekstensheni, mrefu, nimeupitisha chini ya mlango na kuugandisha ukutani kwa utepe mtu asijikwae, ukaingia kwa jirani yangu wa mkabala, mama wa Kikongo mwenye kifua kibovu, ili awashe hita yake ndogo. Kijana aliukunja taratibu, kiwiko hadi kiganja, kama kamba ya nguo ya mamake.

"Hii ni hatari," akasema. "Na kumgawia jirani umeme ni kinyume cha mkataba wako."

"Yumo ndani anatetemeka. Mita yake imekata."

"Ajaze. Serikali imetoa fedha nyingi kwa ajili ya joto lenu."

"Fedha mmepata nyinyi. Sisi tumepata baridi."

Jirani akachungulia, blanketi mabegani. "Wacha tu, mama. Nitavala makoti mbili."

Nikamwambia kijana aingie, akae, anieleze vizuri. Hakukaa. Alisimama kizingitini na waya wangu mkononi, na hapo hapo nikamsikia bibi yangu, Mungu amrehemu: "Mbona hukai, umekuja kupalia moto?"

Kama umekulia kwetu Pemba, utani huo unaujua. Mgeni asiyekaa huambiwa hivyo, kwa sababu aliyetumwa kwa jirani kuchukua makaa ya moto hana nafasi ya kukaa. Akikaa, makaa yanazima.

Mimi ndiye niliyekuwa natumwa. Alfajiri bibi alikuwa akifukua jivu la jana chini ya mafiga kutafuta kaa lililobaki hai. Likiwa limekufa, hakuhangaika na kibiriti. Kibiriti kilikuwa cha kuwashia taa. Alichukua kigae cha chungu kilichovunjika, akatandaza jivu kidogo nisiungue, akanipa. "Usikimbie, upepo utayala. Usijikokote, yatalala." Nikaenda, miguu inalowa umande, huku na huko nasikia mbuzi za nazi zinakwaruza. Nikirudi navipuliza vile vikaa vyekundu, jivu linanirukia machoni, nalia na kucheka. Halafu chai ya mdalasini, muhogo wa nazi, na siku za sherehe mkate wa kumimina, moto chini na moto juu ya kifuniko. Harufu ile ningeinunua leo kama ingeuzwa.

Mwaka mmoja bibi aligombana na jirani. Kuku wa jirani waliingia kwenye mpunga wetu ulioanikwa, bibi akamrushia mmoja kipande cha kuni, kuku akafa. Maneno yaliyotoka siku ile sitayaandika hapa. Msimu mzima wa karafuu hawakusalimiana. Wakipishana kisimani, kila mmoja anaangalia ndoo yake. Asubuhi moja moto wetu ukafa, na bibi akanipa kigae kama kawaida.

"Kwa nani?" nikauliza.

"Kwani una jirani mwingine?"

Nilikwenda. Jirani alinitazama, akakitazama kigae. Akachukua koleo, akachagua makaa makubwa, ya mti wa mkarafuu, yale yasiyozima haraka, akakijaza. Nilipofika nyumbani bibi aliyaangalia, akayasukuma chini ya mafiga. "Ugomvi ni wetu," akasema. "Moto ni wa Mungu. Haunyimwi mtu."

Sasa nieleze wewe. Wanawake wawili ambao hawakumaliza hata darasa la nne walilijua hilo. Huku watu wenye shahada walikaa bungeni wakapitisha sheria nzuri, nasema nzuri, kwa sababu nilifurahi: fedha zitoke, nyumba ziache gesi, ziende umeme, gharama zishuke. Wakaja kung'oa boila, ile mitambo ya gesi ya kupashia nyumba joto, jengo zima. Wakafunga mashine mpya za joto za umeme, wakapiga picha, wakaondoka. Yangu inafanya kazi siku ikipenda. Ya jirani inakula umeme usiku na mchana, na kuta zake ni barafu. Kila anachojaza kwenye mita kinayeyuka. Tumepiga simu mpaka muziki wao wa kusubirisha mwanangu anauimba chooni.

Na nisidanganye kwamba kwetu kumebaki vile. Nguzo za umeme zilifika kijijini, alhamdulillahi, na hakuna anayetaka tena macho ya moshi. Bibi amekufa. Nyumba ya yule jirani yake ina geti, mitungi ya gesi na mbwa. Hakuna mtoto anayetumwa na kigae. Lakini kule desturi ilikufa yenyewe, kwa kukosa kazi. Hapa kazi ipo, mgonjwa yupo, na desturi imekunjwa mbele ya macho yangu na kijana mwenye kitambulisho shingoni, akaondoka nayo.

Nikawaandikia ofisi ya nyumba, mwanangu akanisaidia kusahihisha Kiingereza. Haya ndiyo niliyoyapeleka:

"Nalalamika rasmi. Sheria ilitoa fedha ili tupate joto kwa gharama ndogo. Mashine mliyomfungia jirani yangu inakula umeme na haitoi joto. Yeye ameripoti, mimi nimeripoti, fundi hajaja. Aliyekuja ni mtu wa kuchukua waya. Nataka fundi. Nataka jirani yangu arudishiwe alicholipia umeme uliopotea bure. Nataka waya wangu. Kwenye barua yenu mmeuliza kama ni kweli nilimpa jirani umeme. Ni kweli. Nimenunua waya mwingine, na ninapoandika haya umeshaingia kwake. Mkija kuuchukua na huu, njooni na fundi, na safari hii mkae kitako."