Ganesha Aliyepita Tanurini

Enzi zetu hapa Bulengera, mgeni hakuondoka bila kusindikizwa. Akisimama, nyumba nzima inasimama naye. Mnamfikisha barabarani, mnaanza habari mpya, mnasogea tena hadi kwa jirani wa tatu, na huko ndiko siri zote zilikotolewa. Vijana wa leo wanaaga kwa kidole gumba kwenye simu, halafu wanashangaa kwamba hakuna anayewakumbuka.

Baba yangu alifyatua matofali bondeni. Mjini, nyuma ya duka lao la vitambaa, waliishi Wahindi, na binti yao Hansa alikuwa rafiki yangu pekee. Nasema pekee bila aibu. Mimi watoto wa shule walinikwepa kwa matope ya miguuni, Hansa walimkwepa kwa nywele zake zenye harufu ya mafuta ya nazi, basi tukapatana.

Kila mwaka, mvua za Septemba zikishika, mama yake alimwomba baba udongo laini. Ulikuwa wa kumfinyanga Ganesha, mungu wao mwenye kichwa cha tembo na kitambi cha mtu anayependa chakula, yule wanayemwomba awaondolee vizuizi kabla ya kuanza jambo lolote. Walimpokea kama mgeni. Alikaa sebuleni siku kumi, akiwekewa maua, ubani na maandazi madogo ya unga wa mchele yaliyojazwa karanga na sukari. Mama yangu, Mkatoliki wa misa ya alfajiri, alinionya kwa Kiswahili chetu cha kuchanganya Kifaransa: "Masika, kula tamu-tamu yabo, mais hapana kupiga magoti." Nilitii. Nilikula nimesimama.

Mwaka wa kwanza nilioalikwa, siku ya kumi walimpeleka kijitoni, wakamshusha majini huku wakiimba na kumwomba arudi haraka mwaka ujao. Udongo ukayeyuka: kwanza mkonga, kisha masikio, mwisho lile tumbo lililokula vizuri. Hansa alicheka akimpungia mkono. Mimi nililia mpaka kamasi zikanitoka, maana kwangu alikuwa amezama.

Mwaka uliofuata mvua ilizidi, na mama Hansa akatuomba tumkaushie sanamu kwenye banda letu. Sasa baba alikuwa na msemo wake: "Kitu haiyapita mu moto ni matope tu." Nikaona dawa ndiyo hiyo: akipita motoni hatayeyuka. Baba alipopanga tanuru, nilimsukuma Ganesha katikati ya matofali bila kumwambia mtu. Alitoka mwekundu, mgumu, sikio moja limevunjika. Nikalibandika kwa udongo mbichi, wakampaka rangi, na mambo yakaenda.

Siku ya kumi ikafika. Waliimba, wakamshusha. Tukangoja. Rangi iliondoka, sikio la kubandika likaondoka, lakini yeye alibaki amekaa chini ya maji, akitutazama. Wimbo ulikatika, sauti moja baada ya nyingine. Mama Hansa alinigeukia, na nilijua amejua.

"Mutoto wangu, unamupenda?" aliniuliza. Nikaitikia kwa kichwa. "Donc umuache aende. Mugeni mwenye hatumuache aende, atarudia namna gani?"

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Kesho yake nilirudi peke yangu, nikamwopoa, nikamficha chini ya matofali mabovu.

Miezi michache baadaye askari walipora maduka ya mjini, la akina Hansa likabaki rafu tupu, na baba yake akaamua wahamie Kampala. Asubuhi ya safari mama aliniita twende kuwasindikiza. Nilijificha nyuma ya tanuru. Kwa akili yangu ya kitoto, mtu haondoki bila kusindikizwa. Basi nisipokwenda, hawataondoka. Mama alirudi na macho mekundu. Aliniambia Hansa alikataa kupanda lori, akiuliza, "Masika iko wapi?" Waliningoja mpaka dereva akaanza kufoka, wakampandisha kwa nguvu. Sikumwona tena. Mpaka leo sijui kama yuko hai.

Sasa nakaa peke yangu. Mume wangu alitangulia, watoto wako Beni, Goma, na huko huko Kampala. Mwezi uliopita aliondoka Kavira, kitinda mimba wangu. "Mama, hapana kunisindikiza," alisema huku pikipiki ikinguruma nje, "moto iko kwa mulango. Nitakuandikia." Nilimfuata hata hivyo, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi, nikipiga kelele, "Urudie mbio!" Alikuwa ameshaziba masikio na muziki wake. Watu wa kwa jirani wa tatu walinitazama nyuma ya mapazia. Enzi zetu wangetoka.

Nyumba imekuwa kubwa mno. Napika sombe, yale majani ya muhogo, ya kutosha watu sita, kisha nakula siku tatu.

Jana nilimtoa Ganesha juu ya kabati, ambako amekaa miaka yote tangu nilipomtoa kwenye matofali, chini ya msalaba wangu bila kugombana. Nilimpeleka kijitoni, nikamshusha majini. Sikujua nyimbo zao, basi nilisema tu kile nilichopaswa kumwambia Hansa pale kwenye lori: nenda salama, urudi haraka. Nikampungia mkono, nikaondoka bila kugeuka.

Jioni nilishindwa kuvumilia, nikaenda kuangalia. Alikuwa palepale, mzima, na sikio lake moja.

Nikambeba, tukarudi nyumbani.