Mtani wa Hewani

Kipindi cha salamu cha redio yetu hapa Masasi nakiendesha mimi, kila asubuhi baada ya taarifa ya habari. Watu hupiga simu kusalimia ndugu, kutangaza mbuzi aliyepotea, kulalamikia barabara. Lakini wasikilizaji wengi walikuwa wakiwasubiri wawili tu: bibi mmoja wa Newala, Mmakonde, na mzee mmoja wa hapa mjini, Myao. Hawakuwahi kuonana. Kazi yao ilikuwa kutukanana, maana Wamakonde na Wayao ni watani.

"Wewe bibi, leo umenawa uso au bado mnasubiri maji yawapandie huko mlimani?" mzee angeuliza. Bibi naye angejibu kwamba afadhali vumbi la Newala kuliko kuishi chini ya mawe ya Masasi kama mijusi. Mimi Myao pia, kwa hiyo nilimshangilia mzee wetu waziwazi.

Asubuhi moja simu ya kwanza ilitoka kwa binti wa yule mzee. Mzee alikuwa amefariki, na maziko ni siku ileile. Nilisoma tangazo. Kabla sijaweka wimbo, bibi akapiga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mjukuu wangu, miguu imevimba, gari siwezi kupanda. Ntani wangu atazikwaje bila mimi? Nipe redio niseme naye."

Kwetu msiba usio na mtani umepwaya. Mtani ndiye anayemsema marehemu na kuzuia jeneza lisitoke mpaka wafiwa wacheke kidogo. Wageni jambo hili huwatia kichefuchefu, na meneja wetu ni mgeni, katokea Kanda ya Ziwa.

"Kumtania maiti hewani?" alisema. "Familia ikija juu nitajibu nini?"

Nilikasirika, lakini bosi ni bosi. Nikamwomba tuwaulize wenyewe, nikampigia binti. Akasema kaka zake tangu alfajiri wanauliza mtani yuko wapi. Redio wangeiweka karibu na jeneza. Meneja akainua mikono, nikamrudia bibi, nikamfungulia hewa.

"Ee bwana we! Mpaka saa hizi umelala? Uvivu wa Wayao naujua, lakini huu umezidi. Na nyie mliopo hapo, nasikia mmemkatia sanda ndefu. Ya nini? Sijapata kumwona, lakini sauti ile ilikuwa ya ntu mfupi. Punguzeni, kipande mniletee nifanye pazia."

Binti alikuwa bado kwenye simu nyingine sikioni mwangu, na nyuma yake nikasikia ua mzima wa msiba unacheka. Meneja alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanamtikisika. Mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, sikujali nani ananiona.

"Haya," bibi akasema, sasa taratibu. "Mtoeni. Nendeni naye polepole."

Niliweka wimbo. Bibi hakukata simu. Akaniuliza kesho asubuhi atamtukana nani. Swali lile lilinichoma.

"Mimi pia ni Myao, bibi," nikamwambia. "Nitukane mimi."



"Hapana, mjukuu wangu. Wewe una adabu mno. Yule alikuwa ananijibu."