Sahani ya Kijani ya Mdogo Wangu

Nyumbani kwetu Vitongoji tunakula sinia moja: mama, mie na mdogo wangu. Kila mtu anamega upande wake. Mie, nisiwafiche, ndiye mlafi wa nyumba. Namaliza wangu, nakwangua ukoko wa sufuria, halafu nakaa naota siku nitakapofungua mkahawa wangu mjini, Madungu. Na bado mwembamba kama ufito! Mdogo wangu anakula kidogo kuliko mie, lakini kila mwaka anashonewa sare mpya ya skuli kwa unene.

Mama akaamini anadokoa jikoni kwa siri. Akamnunulia sahani ya plastiki, ya kijani, akawa anampakulia upawa mmoja wa wali, akale peke yake. Sasa kwetu anayekula peke yake ni mgonjwa, au mtu mliyegombana naye. Mdogo wangu akaichukua, akakaa kizingitini. Baada ya siku chache akaanza kuirudisha vilevile, wali haujaguswa.

"Nimeshiba," anasema.

Siku aliyoona kizunguzungu njiani akitoka skuli, nilimwambia mama kesho yake asubuhi twende kituo cha afya, sote watatu.

Huko mama hata hajakaa vizuri akaanza: "Nesi, hawa wote nimewazaa mie, wanakula chungu kimoja. Mbona huyu mwembamba na huyu vile? Si ananificha huyu?"

Nesi, mama wa makamo, akatutazama. "Macho yao je, mbona hayafanani?"

"Aa, huyu kachukua yangu, yule ya baba yao."

"Basi na unene nao una urithi wake, bibi."

Akatueleza kuwa mwilini mna vinasaba, tunavipata kwa baba na mama, na ndugu hawagawiwi sawasawa. Vipo vinavyomchelewesha mtu kuhisi shibe, vipo vinavyoufanya mwili uweke akiba upesi. Ni vingi, kila kimoja kinasukuma kidogo tu.

"Lakini si hukumu hiyo," akasema. "Punguzeni sukari na mafuta nyumba nzima, na mtembee. Ila mtoto asikae na njaa."

Karibu na nyumbani mama akasema, kama anajisemea: "Mamangu alikuwa akipita mlangoni kwa ubavu, na akila kidogo kama ndege. Nimesahau vipi mie?"

Mchana ule akapakua wali na mchuzi wa samaki. Mdogo wangu akaenda kabatini kutafuta sahani yake, hakuiona. Ilikuwa uani, kuku wanadonoa pumba ndani yake.

"Njoo ukae, mwanangu," mama akamwambia. "Upande wako huu."

Akakaa, mikono mapajani. Nikaona nimsaidie: nikapeleka vidole kwenye kipande chake cha samaki.

"We! Huo upande wangu!"

"Nisamehe, mwenzio nna vinasaba vya ulafi."

"Muongo mkubwa!" Akanipiga kofi mkononi, akamega tonge kubwa, akatia kinywani. Mama akacheka hadi akapaliwa.

Chai ya jioni ilikuwa haina sukari kabisa. Nikainywa hivyo hivyo.